Je, Shimo Likiota Miti, Deni Limekwisha?



Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, iko sheria fupi ambayo haihubiriwi mara nyingi. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia humo akafa, mwenye shimo hana budi kulipa. Sheria hiyo haikukataza kuchimba. Watu wa zamani walihitaji visima, kama sisi tunavyohitaji mawe na mchanga. Ilichosema ni kwamba kila shimo lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayedaiwa.

Swali langu ni hili. Mtu aliyechimba shimo, kisha akalitengeneza vizuri hata likawa mahali pa kupendeza, je, amekwisha kulipa? Tena, je, tuseme ilikuwa heri kwamba alichimba?

Tuutazame mfano ulio karibu nasi. Wengi wetu tumepata kufika Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kwenye bustani iitwayo Haller Park. Watoto wa shule hupelekwa huko kuwaona twiga, viboko, mamba na ndege wa majini. Anayetembea leo chini ya vivuli vile aweza kusahau kwamba yumo ndani ya timbo.

Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Kilichochimbwa ni mwamba wa matumbawe, uliojengwa na viumbe wadogo wa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Miti iliondolewa, kisha udongo, kisha mwamba wenyewe. Palibaki uwanja mweupe uliopigwa na jua mchana kutwa, na maji ya chumvichumvi yakiwa karibu chini yake. Hapakuwa na kitu cha kumlisha hata panzi.

Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kampuni hiyo tangu 1959, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alipanda aina 26. Zilizoishi ni 3 tu: mnazi, mti wa damas ambao asili yake ni Somalia, na mvinje. Mvinje huvumilia chumvi, na katika mizizi yake hukaa vijidudu vinavyoupatia mbolea kutoka hewani. Lakini majani yake membamba yalipoanguka hayakuoza. Yalirundikana tu juu ya mawe, na udongo haukupatikana. Ndipo ilipoonekana kwamba jongoo mwenye miguu myekundu anaweza kuyala. Majongoo wakakusanywa kwingine, wakaletwa machimboni. Wakala yale majani makavu, na choo chao kikawa mwanzo wa udongo.

Baadaye mivinje mingine ilikatwa ili kuipisha miti ya kienyeji. Mabwawa yalichimbwa, yakatiwa samaki, na penye maji na samaki ndege hawahitaji mwaliko. Wakaja mnandi, yangeyange na minana. Mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtunuku Haller kwa kazi hiyo. Na mwezi wa Desemba 2004, kiboko mchanga aliyeokolewa baharini huko Malindi alipewa makao humo, akajiambatanisha na kobe mzee, na habari zao zikaenea duniani. Shimo lilikuwa limegeuka kimbilio la yatima.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kuna majibu mawili ambayo watu huyatoa upesi, na nadhani yote mawili yana kasoro.

Jibu la kwanza ni la wale wasemao, "Mwisho mwema hufuta yote. Kama wasingechimba, tungepata wapi bustani hii?" Hesabu hii haifai. Bustani ile ni nzuri, lakini siyo iliyokuwapo. Ule mwamba hautarudi, maana bahari iliujenga kwa muda ambao hakuna mwanadamu awezaye kuungoja. Tena mawe ya chokaa yanapochomwa kufanywa saruji hutoa gesi ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake, na gesi hiyo ilikwisha kwenda hewani kabla mvinje wa kwanza haujapandwa. Mtume Paulo alikwisha kutana na hesabu ya namna hii. Katika Warumi sura ya 6 anauliza kama inafaa tuzidi kutenda dhambi ili neema ipate kuongezeka, naye anakataa kwa ukali. Mungu akileta jema kutoka katika uharibifu wetu, sifa ni zake, wala si hati ya kutuhalalishia uharibifu.

Jibu la pili ni la wale wasemao, "Hiyo ni rangi tu iliyopakwa juu ya kidonda. Mwenye kiwanda hupanda miti ili asilaumiwe." Huenda nia za wanadamu zimechanganyika, na Mungu peke yake ndiye azipimaye. Lakini tusidharau kazi. Zakayo aliposema atawarudishia mara nne aliowadhulumu, Bwana hakumwambia kwamba anatafuta sifa. Alisema wokovu umefika nyumbani kwake. Na tazameni kazi yenyewe ilivyokuwa. Aina 23 za miti zilikufa, na watu hawakuacha. Udongo ulipatikana kidogo kidogo, kwa kinywa cha jongoo, kwa miaka mingi. Mtu anayetaka rangi tu hangojei jongoo.

Mimi naona hivi. Kutengeneza ni wajibu, na kunaheshimika mbele za Mungu, lakini si risiti ya kumruhusu mtu aende akachimbe shimo jingine kwa roho nyeupe. Mwenye kulipa deni la jana bado hajaruhusiwa kukopa leo bila kuuliza atalipaje. Na hata akilipa vyote awezavyo, litabaki deni ambalo mkono wake haulifikii. Hapo ndipo tunapohitaji msamaha, ambao hatuwezi kuununua kwa miti. Kule Bamburi kuta za machimbo bado zinaonekana nyuma ya miti. Nadhani ni vema zionekane. Bwana wetu alipofufuka alimwonyesha Tomaso alama za misumari; uzima mpya haukuzificha.

Tena tusimnyoshee kidole mwenye kiwanda peke yake. Sakafu tunayopigia magoti ni ya saruji. Nyumba zetu na visima vyetu ni vya saruji. Kila aliyenunua mfuko mmoja ana sehemu yake katika shimo, hata kama ni ndogo.

Na mashimo hayapo kwenye viwanda vikubwa tu. Katika vijiji vya pwani yako matimbo ya mawe ya kujengea, na mashimo ya mchanga na ya moramu, ambayo wachimbaji wakimaliza huyaacha wazi. Mvua ya masika huyajaza maji. Mbu huzaliana humo, na watoto huenda kuogelea mahali ambapo hawajui kina chake. Musa alizungumzia ng'ombe na punda. Sisi tunazungumzia watoto. Kwa hiyo mwenye shamba anayekodisha ardhi ichimbwe mawe na aulize kwanza nani atalifukia shimo, na kamati ya ujenzi inayonunua mchanga na iulize umetoka wapi. Maswali haya yataongeza gharama kidogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yako pia mashimo yasiyoonekana kwa macho. Baba aliyekunywa karo ya mwanawe amechimba shimo. Jirani aliyesingizia mwenzake amechimba shimo. Kuungama kanisani ni mwanzo mwema, lakini mtoto bado yuko nje ya shule, na jina la jirani bado limechafuka. Mwenye shimo na aende akapande. Miche mingi itakufa mikononi mwake, na yule aliyekosewa huenda asimwamini kwa muda mrefu, kama vile ule uwanja mweupe ulivyokataa mbegu. Asikate tamaa, wala asidai kusifiwa kwa mche mmoja ulioshika.

Mungu, aliyewafundisha watu kuotesha miti juu ya mawe matupu, atupe moyo wa kuyarudia mashimo yetu tukiwa bado na nguvu za kuyatengeneza. Na yale tusiyoweza kuyatengeneza, atusamehe. Amina.