Nguo ya Sultani na Kata ya Maji

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, Mpaji asiyepungukiwa. Na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad, na aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa Kilwa ilikuwa na Sultani, jina lake Al-Hasan bin Suleiman, wa ukoo wa Mahdali wenye asili ya Yemen. Watu walimwita Abul-Mawahib, maana yake Baba wa Vipawa. Mwaka wa 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Maghribi, alifika Kilwa, akaandika kwamba Sultani huyo alikuwa akiketi na kula pamoja na mafakiri.

Siku ya Ijumaa, Sultani alipotoka msikitini, fakiri wa Yemen alimkabili njiani, akamwomba nguo zile alizozivaa, tena saa ile ile. Sultani hakukasirika, wala hakumwambia aje kesho. Alirudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Fakiri akajitwika, akaenda zake, na watu wakamshukuru Sultani kwa unyenyekevu wake. Kisha mwanawe Sultani akazitwaa nguo kwa fakiri, akampa badala yake watumwa kumi. Na Sultani, aliposikia shukrani za watu, akaamuru apewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Hapa mwenye akili na asimame apime. Nguo ilitoka mwilini mwa mtoaji. Je, watumwa walitoka wapi? Ibn Battuta asema ya kuwa Sultani yule alikuwa akienda kupigana na watu wa bara na kuteka nyara. Na kila mmoja katika wale ishirini alikuwa na mama. Mtu hatoi sadaka mtoto wa mwenziwe.

Biashara ile ilidumu hata karne ya 19. Misafara ilishuka Kilwa na Lindi na pembe na watu. Wamakonde wengi walikimbilia juu ya uwanda wa Newala, mahali pakavu, kwa kuogopa kutekwa. Na mwaka wa 1876 watu waliokombolewa utumwani walipelekwa kukaa Masasi. Basi mtu wa pwani asiwatazame watu wa huko kwa jicho la dharau, kwani ana deni kwao.

Zamani mwanamke wa Newala alishuka mteremko mpaka bondeni, akapanda na mtungi kichwani. Alipompa mgeni kata moja ya maji yale atawadhe, alitoa kama Sultani alivyotoa nguo yake, wala hakumdhulumu mtu.

Alipokufa Abul-Mawahib, akatawala nduguye Daud, naye akawa akiwaambia waombaji ya kuwa mtoaji amekwisha kufa. Ole wa mji ambao karama yake huzikwa pamoja na mtu mmoja!

Mwenyiezi Mungu awajaalie Waislamu kutoa kilicho chao, na kurudisha kisicho chao. Amin.