Deni la Balozi

Mjumbe hauawi, walisema wahenga, na kwa kauli hiyo walimvika mtu aliyetumwa heshima ambayo hata adui hana budi kuitunza. Hawakusema, walakini, mjumbe huyo anawiwa nini na mwenyeji aliyemhifadhi. Sheria za mataifa zimeandika kwa urefu haki za balozi katika nchi ya ugenini: mwili wake haushikwi, nyumba yake haiingiwi bila idhini, na barua zake hazifunguliwi. Deni lake kwa nchi ile limeandikwa kwa uchache sana, na pengine sehemu iliyo kubwa ya deni hilo haiandikiki.

Neno lenyewe ni msafiri. Watu wa Venice walikuwa na afisa wao katika mji mkuu wa Waturuki, ambaye alikuwa mwamuzi wa wafanyabiashara wao na mjumbe wa dola yao kwa wakati mmoja. Cheo chake kikapita katika vinywa vya Waturuki na vya watu wa Ghuba hata kikatufikia sisi kwa sura ya balozi. Tanzania ikaliongezea neno maana ya nyumbani, kwani balozi wa nyumba kumi ni jirani anayejua ni nani kalala na njaa na ni nani kapata mgeni. Sidhani kama maana hizi mbili zimeachana mbali kama zionekanavyo.

Kwa mtazamaji wa nje, kazi ya balozi ni karamu na hotuba. Aliye ndani aghalabu hushinda katika mambo yasiyo na fahari: hati za safari, mabaharia walioachwa bandarini, raia aliyefungwa, maiti ya kusafirishwa, bei ya mazao, na waraka wa kwenda kwa mkubwa wake kabla ya machweo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, katika kifungu chake cha tatu, umezikusanya kazi hizi katika mafungu matano. La nne ni kuchungua kwa njia halali hali na mwendo wa mambo ya nchi, na kuiarifu serikali iliyomtuma. La tano ni kukuza urafiki, pamoja na uhusiano wa uchumi, utamaduni na sayansi. Naomba msomaji ayatazame mafungu haya mawili yalivyokaa bega kwa bega. Aliyeamriwa kuichungua nchi na aliyeamriwa kuipenda ni mtu mmoja, na kalamu anayotumia ni moja.

Wengi wameipenda kweli. Richard Burton alikuwa balozi mdogo wa Uingereza katika vituo vinne, kuanzia Fernando Po hata Trieste, na ni huko Trieste alikoikamilisha tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela, iliyoanza kutoka mwaka 1885; kazi ya ofisi, yamkini, haikumlemea sana. George Seferis alikuwa balozi wa Ugiriki London hadi mwaka 1962, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Nobel kwa mashairi yake. Mapenzi ya namna hii hayana hatia. Swali huzuka pale elimu aliyoipata mgeni kwa ukarimu wa wenyeji inapohitajiwa na bwana wake kwa jambo litakalowadhuru wenyeji haohao.

Historia yetu ya pwani inao mfano ulio bora kwa swali hili. John Kirk alifika Unguja mwaka 1866 kuwa tabibu wa ubalozi wa Kiingereza, naye alikuwa amekwisha kuzunguka na Livingstone katika nchi za mto Zambezi. Alikuwa mwanachuoni wa mimea kabla ya kuwa mwanasiasa, na hakuacha kuwa hivyo. Alichunguza asili ya sandarusi iliyochimbwa ardhini na uhusiano wake na msandarusi ulio hai; alipeleka mimea katika bustani ya Kew; alipiga picha za mji wakati kazi hiyo ilikuwa ngumu na ya taratibu; alilima shamba la majaribio Mbweni. Kima punju wa Unguja anaitwa kwa jina lake katika vitabu vya wataalamu hata leo. Vitu hivi havijulikani na mgeni peke yake. Nyuma ya kila jani lililokaushwa palikuwa na mtu wa Unguja au wa mrima aliyesema mti huu huitwa hivi, na hufaa kwa kadha wa kadha.

Mtu huyu ndiye aliyemshurutisha Seyyid Barghash, mwezi Juni 1873, atie sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukomesha usafirishaji wao baharini, huku tishio la manowari kukizingira kisiwa likiwa nyuma ya maneno yake. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Walioletwa sokoni walikuwa na haki iliyotangulia adabu zote za ugeni, wala urafiki na mwenye nyumba haumlazimu mgeni kunyamazia jeraha la aliyefungwa uani. Kirk akabaki, na Barghash akazidi kumsikiliza. Mwaka 1875 walifuatana hata Uingereza.

Kisha ukaja mwaka 1885. Mfalme wa Wajerumani aliitolea hati ya ulinzi kampuni ya Carl Peters juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, nchi ambazo Barghash alizihesabu kuwa zake. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Kirk alijua thamani ya karatasi zile za Peters, kwa kuwa alizijua nchi zile na watu wake kuliko Mzungu yeyote aliyekuwapo. London nayo ilihitaji radhi ya Bismarck kwa ajili ya Misri, ikamwagiza wakala wake amshauri Sultani asipinge. Akamshauri. Mwaka uliofuata mataifa mawili yakapatana juu ya mipaka, Barghash akaachiwa visiwa na ukanda wa maili kumi wa pwani, na Kirk akaondoka.

Mtetezi atasema kwamba balozi si mwenye neno bali ni mchukuzi wa neno, na kwamba angalijiuzulu angalikuja mwingine asiyejua hata jina la mti mmoja. Hoja ya kwanza ingenitosha kama Barghash angalikuwa amemsikiliza mchukuzi. Alimsikiliza Kirk, mtu wa miaka takriban ishirini, na uzito wa ushauri ule ulitoka katika imani iliyojengwa na Kirk mwenyewe. Serikali yake ilitumia mali isiyokuwa yake. Ama hoja ya pili, mgeni asiyejua kitu angalikuwa na faida moja kwa Sultani: asingaliaminiwa.

Wapo waliochagua njia nyingine. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza katika Kongo ya Mfalme Leopold, alipanda mto mwaka 1903 akasikiliza watu wa vijijini wakieleza jinsi walivyokatwa na kuuawa kwa ajili ya mpira, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1904. Haki ya wenyeji na agizo la bwana wake zilikwenda pamoja safari ile, kwa hiyo jaribio lake lilikuwa jepesi kuliko la Kirk, ingawa safari yenyewe haikuwa nyepesi. Octavio Paz, mshairi, alikuwa balozi wa Meksiko nchini India tangu mwaka 1962, akaandika mengi yaliyotokana na nchi ile. Askari walipowaua wanafunzi katika uwanja wa Tlatelolco, tarehe 2 Oktoba 1968, aliuacha ubalozi. Deni lake hapo lilikuwa kwa watu wa kwao, si kwa Wahindi. Lakini tendo lake linaonyesha kwamba mlango wa kutokea upo, na kwamba mwandishi na balozi waliomo katika mwili mmoja huweza kutengana ikilazimu.

Kirk hakuupita mlango ule. Alikuja kutumwa Brussels kuiwakilisha Uingereza katika mkutano wa mataifa juu ya biashara ya watumwa, kazi iliyomstahili kuliko nyingine yoyote. Sheria ya mkutano ule ilitiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890. Siku moja kabla yake, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimetia sahihi mapatano mengine, ambayo kwayo Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza. Barghash hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki mwezi Machi 1888.