Pawatila mwezi wa Novemba

Bwana mmoja wa Lushoto, mkazi wa Leicester, alipata barua aliyoisubiri mpaka akasahau kwamba anaisubiri: halmashauri imempa shamba la kukodi. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1908, halmashauri zina wajibu wa kuwapatia wakazi vipande vya kulima, na foleni yake si ya kuchezea. Kipande kamili ni kama mita za mraba 250. Kwao Usambarani hicho ni kishamba cha nyuma ya jiko. Kwa mtu aliyezeeka ghorofani ni mkoa mzima.

Ila barua ilifika Novemba, na mpangaji aliyemtangulia alikuwa ameliacha shamba muda mrefu, nyasi zimefika magotini. Bwana akaona aibu kana kwamba nyasi zile ni zake. Jumamosi hiyohiyo akakodi pawatila, akalilima kutoka mwisho hadi mwisho. Jioni lilikuwa jeusi, limenyooka, la kupigwa picha. Akalipiga, akaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp, na pongezi zikamiminika hadi usiku.

Jirani yake shambani alikuwa mama wa Kigujarati, mzaliwa wa Jinja, mmoja wa maelfu waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. (Mwaka huohuo halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kuwasihi wasije mjini kwake. Walikuja.) Mwezi ule naye alikuwa ameongezewa nusu kipande, chenye nyasi zilezile. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha zamani, lakini kilikata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nyasi umepeleka wapi?"

"Nimezilima, mama. Zimezikwa."

"Umezika au umepanda?"

Bwana akacheka. Hakupaswa kucheka, kwa sababu alikua akiiona sangari kwao, na nyasi za Leicester, ingawa si aina moja nayo, zina tabia ileile. Hutembea chini ya ardhi kwa vishina vyeupe vigumu vyenye vifundo, na kila kifundo ni mche unaongoja nafasi. Pawatila lilikuwa limevikata vishina hivyo vipande elfu na kuvisambaza sawasawa, kazi ambayo nyasi zenyewe zingeifanya kwa miaka. Humo mlikuwa pia na gugu la kutambaa lenye maua meupe ya tarumbeta, la ukoo wa matembele, na mizizi yake hukatika ukiitazama tu. Lushoto mtu huichokoa sangari, akaianika juani mpaka ikauke. Novemba ya Leicester haina jua la kukausha leso.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu, na ndilo linalowapata watu wengi wenye akili. Bwana alijiambia: kwetu nako baridi. Mwezi wa Julai Lushoto watu huvaa makoti, na bado kabichi, karoti na maharage vinaota. Kweli. Lakini Lushoto mchana ni wa saa kumi na mbili, au karibu na hapo, mwaka mzima. Leicester mwishoni mwa Desemba mchana haufiki saa nane, na jua lenyewe hupita chini chini, juu ya mapaa. Aliipima baridi, akasahau kupima mwanga, akapanda. Maharage ya kwetu huhitaji udongo wenye joto la kama nyuzi 12 ndipo yachipue. Chini ya hapo hulala kwenye maji na kuoza. Yalioza. Karoti na mchicha havikuonekana. Miche ya sukuma wiki aliyoinunua ilishika vizuri, ikaliwa na njiwa, kwa kuwa hakuweka wavu. Naye kila wikendi alikwenda kukagua, akiukanyaga udongo wa mfinyanzi uliolowa, mpaka ukashindiliwa na maji yakatuama juu yake.

Yule mama hakulima. Alikata nyasi, akaziacha palepale, akatandaza maboksi yaliyopandana kingo, akamwaga samadi juu yake. Ni ukanda mmoja tu kando ya njia, upana wa mkeka, alioufukua kwa uma, akitoa kila kishina cheupe kwa mkono na kukitia ndooni. Humo akapanda vitu viwili. Cha kwanza kitunguu saumu, tembe moja moja, ncha juu, umbali wa shubiri. Hiki hakivumilii tu baridi, kinaidai: kisipopata majuma kadhaa ya baridi chini ya nyuzi 10 hivi, hakigawanyiki tembe, unavuna kidonge kimoja cha duara. Mbegu aliinunua kwa muuza mbegu. Kitunguu cha dukani mara nyingi kimetoka nchi ya joto, na kinaweza kukuletea ugonjwa utakaokaa udongoni miaka. Cha pili maharage mapana, yale ambayo Wamisri huyapika ful. Huchipua kabla ya Krismasi, husimama kimo cha kiganja, sakitu ikayalaza asubuhi na adhuhuri yakainuka, kisha Machi hushika mwendo.

Bwana alimuuliza mbona hapandi miti ya matunda, maana alikuwa amesikia kwamba mtufaha na rasiberi hupandwa wakati huohuo, kuanzia Novemba hadi Machi, miche ikiwa imelala na mizizi mitupu bila udongo. Alisikia sawa. Mama akamjibu kwamba mti ukishapandwa juu ya nyasi zile hutazitoa tena, utazitoa pamoja na mti. Kwa maoni yangu, hilo moja lingetosha kumwokoa mgeni yeyote wa shamba fedha nyingi.

Aprili shamba la bwana lilikuwa kijani kibichi kuliko uwanja wa mpira. Mei akazichimba nyasi siku za mapumziko, na alipofika mwisho wa safu mwanzo ulikuwa umeota tena. Juni, wakati mama akichuma maharage kwa kapu, bwana alipata barua nyingine: asiyelima kipande chake hukumbushwa, na asiporekebisha hunyang'anywa. Akaandika kuomba abaki na nusu. Wakamkubalia.

Oktoba iliyofuata alizunguka maduka ya friji na majiko akiomba maboksi. Mama alimkuta anayatandaza na tepu zake za plastiki, akamfanya azibandue zote, kwani haziozi, kisha wakaanza upya upande wa uzio.

"Mama, hii itachukua muda gani kuziua?"

"Mwaka. Hilo la maua meupe, zaidi."

"Na mahindi je? Mwaka huu nilitaka mahindi."

"Mahindi Mei, sakitu ikiisha, na kwenye ukanda utakaoufukua kwa uma tu. Boksi lako limepinda, baba. Vuta huko."