Kuondoka Kazini Nako ni Amana



Ndugu zangu katika imani, wengi wetu hapa Kampala tunasoma huku tukifanya kazi. Yuko anayehudumia wateja wa pesa za simu Wandegeya, yuko anayeuza nguo Owino, na sisi wa Masomo ya Kiislamu mara nyingi tunafundisha Qur'ani. Karibu kila mmoja anajua namna kazi hizi zinavyoachwa: unangoja mshahara uingie kwenye simu, unazima laini, na Jumatatu uko kwa tajiri mwingine. Mwaka jana nilikaribia kufanya hivyo.

Nilikuwa nimefundisha miezi minane katika shule moja ya msingi upande wa Kawempe. Katikati ya muhula nikapigiwa simu kutoka shule nyingine. Mshahara ulikuwa karibu mara mbili, tena shule yenyewe iko karibu na hosteli yangu. "Ustadhi, tunakuhitaji Jumatatu." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kutafuta riziki iliyo bora si dosari, na mkataba wa kazi si utumwa. Swali lililoninyima usingizi lilikuwa jingine: je, haki ya kuondoka inanipa ruhusa ya kuondoka vyovyote nitakavyo?

Mwenzangu wa chumbani hakuona tatizo. "Wamekucheleweshea mshahara mara ngapi? Wao wakitaka kukufukuza, watakupa hata siku moja? Peleka barua leo uone, utafungiwa geti leo hii na mwezi wako wataula."

Hoja hiyo si ya kubezwa. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimlipe ujira wake. Dhuluma ya mwajiri ni jambo zito. Lakini je, dhuluma yake inafuta ahadi yangu?

Hapo nikaikumbuka Hijra. Mtume (s.a.w.) aliondoka Makka usiku, huku watu wa mji wake wakiwa wamepanga kumuua. Bado walikuwepo watu wa Makka waliokuwa wameweka mali zao kwake, naye alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) nyuma ili azirudishe kwa wenyewe. Kama kuna mtu aliyekuwa na udhuru wa kuondoka bila kukabidhi chochote, ni yeye. Hakuutumia.

Mimi nilikuwa nimeshika amana gani? Sikuwa na pesa ya shule hata shilingi. Nilikuwa na daftari. Humo nimeandika kila mtoto amefika sura gani, nani anakosea wapi, nani akikaripiwa hulia na kusahau yote. Nikitoweka na daftari hilo, mwalimu ajaye atawaanzisha wote upya. Mkurugenzi aliyenichelewesha hatapata hasara kubwa. Watakaoipata ni watoto, na wao hawakunidhulumu kitu.

Tena kuna suala la muda. Katika fiqhi, aliyeajiriwa kwa muda maalumu, ajiri khassi, ameuza muda wake. Taarifa ya kuondoka ni sehemu ya muda huo uliokwisha kuuzwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeuweka wazi: aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini chini ya mwaka hutoa taarifa ya wiki 2 au zaidi, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, mwezi 1, miaka 5 hadi chini ya 10, miezi 2, kuanzia miaka 10, miezi 3. Taarifa hiyo huwa kwa maandishi, na inamfunga mwajiri kama inavyomfunga mwajiriwa. Usiseme "sisi tulikubaliana kwa mdomo tu." Sheria inautambua mkataba wa mdomo, na Surat al-Maida inapofungua kwa kuwaamuru waumini watimize mikataba, haikutaja karatasi.

Ijumaa, baada ya swala, nilipeleka barua ya wiki 2. Simu ngumu zaidi ilikuwa ile ya kuiambia shule mpya isubiri. Walikubali, lakini vipindi vya asubuhi wakampa mtu mwingine, na ule mshahara wa mara mbili ukapungua. Kule Kawempe sikufungiwa geti, ila mshahara wa mwisho ulichelewa wiki 6. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba uaminifu hulipa papo hapo.

Ninachoweza kusema ni hiki. Ukidhulumiwa, dai haki yako waziwazi, na ikibidi mwendee afisa wa kazi. Usijilipe kwa kutoweka. Andika barua, kabidhi ulichoshika, kisha nenda kwenye riziki yako. Siku ya mwisho nilikaa na mwalimu mpya, tukalipitia daftari mtoto mmoja mmoja. Jumatatu yake watoto waliendelea pale pale walipokuwa wameishia.

Wabillahi tawfiq.