Alama za Nani?

Ndugu msomaji, hivi mtu anayefundisha asubuhi na jioni akaketi dawatini kufundishwa, tumwite nani? Mimi nasoma uzamivu hapa Marekani, na darasa la Kiswahili la mwaka wa kwanza ni langu. Nasahihisha, natoa alama. Nikidai posho itoshe kodi ya nyumba, naambiwa: "Wewe mwanafunzi bwana, unajifunza kazi." Nikiugua, eti darasa halina mwalimu!

Mwaka 2016, katika kesi ya Columbia, bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi iliamua kwamba wasaidizi wa vyuo binafsi ni wafanyakazi pia. Sawa. Lakini mfanyakazi agome vipi? Mwishoni mwa 1995 wenzetu wa Yale walizuia alama za muhula ili chama chao kitambuliwe. Januari 1996 wakaziachia, chama hakijatambuliwa.

Muhula uliopita tuligoma sisi. Nami nikazifungia zangu. Akaja mwanafunzi wangu: "Mwalimu, bila alama napoteza ufadhili."

Sikulala. Jasho ni langu, nina haki ya kulizuia. Alama je? Kazitokea jasho yeye, mimi nimezishika tu. Ni amana, na amana haiwekwi rehani kwa deni la mtu mwingine.

Nikampa. Wenzangu wakaniita msaliti, na sikuwalaumu: chuo kinajua fika kwamba huruma yetu ndiyo kufuli lake.

Kesho yake nilirudi langoni na bango langu. Je, ndugu, ungekuwa wewe?