Gobore la Masafa Marefu na Haki ya Kulungu

Gobore ni bunduki inayojazwa kwa mbele. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, risasi hufuata, vyote hushindiliwa kwa mdeki, kisha cheche ya gumegume au fataki ndogo huiwasha baruti kwa nyuma. Mlio ni mmoja tu. Kujaza upya huchukua nusu dakika kwa mwenye mkono mwepesi, na zaidi kwa aliyeshikwa na baridi au kiherehere. Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hii ni silaha ya mwanakijiji asiyemudu bunduki nyingine. Nchini Marekani mambo ni kinyume: madukani bunduki za kisasa zimejaa, lakini kila mwaka watu wengi huchagua gobore kwa hiari yao ili kuwinda kulungu, na baadhi yao siku hizi humfyatulia mnyama huyo akiwa mita 300, 400 au mbali zaidi. Swali linalozuka hapo ni la maadili kabla halijawa la ufundi. Mtu aliyekubali silaha dhaifu ili mnyama apate nafasi, na kwa sababu hiyo akapewa msimu wake peke yake, je, bado anastahili msimu huo baada ya kuuondoa udhaifu wenyewe?

Misimu ya gobore haikuanza kwa bahati. Kufikia mwaka 1900, uwindaji wa kibiashara na ukataji wa misitu ulikuwa umewapunguza kulungu wenye mkia mweupe nchini Marekani hadi chini ya nusu milioni, kwa makadirio ya wataalamu. Sheria zilikaza, makundi yakarudi, na leo idadi yao hukadiriwa kuwa milioni 30 hivi. Kulungu walipoongezeka, majimbo yaliweza kuruhusu siku za ziada za kuwinda bila hofu ya kuwamaliza, mradi silaha ya siku hizo iwe hafifu. Pennsylvania ilianzisha msimu wake wa bunduki za gumegume mwaka 1974, katikati ya majira ya baridi, kwa watu waliotaka kuwinda kama walivyowinda walowezi wa karne ya 18. Mapatano yalieleweka bila kuandikwa: mwindaji hupata pori lenye watu wachache, na mnyama hupata adui mwenye risasi moja na mkono mfupi.

Ufupi wa mkono huo ulitokana na umbo la risasi. Goroli ya risasi yenye kipenyo cha milimita 12 hivi hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 550 kwa sekunde, lakini hewa huibana sana, na ikifika mita 90 mwendo wake umeshuka hadi karibu na mwendo wa sauti. Zaidi ya nusu ya nguvu yake imekwisha kupotea njiani. Mwindaji mwenye busara hakuhitaji sheria ya kumkataza kupiga mbali, kwa kuwa fizikia ilikuwa imeshamkatalia.

Mwaka 1985 Tony Knight, fundi bunduki wa Missouri, alitoa gobore aliloliita MK-85, ambalo fataki yake ilikaa nyuma ya baruti kwa mstari mmoja na mtutu. Moto ukawa wa hakika hata siku ya mvua. Baada ya hapo yakaja mengine kwa kufuatana: risasi ndefu yenye ncha iliyovikwa kikombe cha plastiki, baruti iliyokandamizwa kuwa vidonge, darubini ya kulengea yenye vipimo vya kila umbali, na kifaa cha leza kinachosoma mita kwa kubonyezwa kitufe. Kila kimoja kina sababu yake njema. Vikijumlishwa vimezaa silaha ambayo kwa jina ni gobore na kwa tabia inakaribia bunduki ya kawaida, isipokuwa bado ina risasi moja na bado inatoa moshi.

Hapa hesabu kidogo inasaidia zaidi kuliko hoja nyingi. Risasi ya gobore la kisasa ikianza na mwendo wa mita 600 kwa sekunde, itachukua takribani robo tatu za sekunde kufika mita 365. Katika muda huo mvuto wa ardhi huivuta chini kwa kiasi cha mita mbili na nusu, jambo ambalo darubini nzuri hulirekebisha bila taabu. Upepo ni habari nyingine. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ambao hutikisa majani tu, huisogeza risasi hiyo kwa sentimita 70 hivi. Moyo na mapafu ya kulungu hukaa katika eneo lenye upana wa sentimita 20 hadi 25. Anayekosea kukadiria upepo kwa theluthi moja amekosea kwa sentimita zaidi ya 20. Aliyelenga katikati ya eneo hilo atapiga tumbo au bega. Na upepo wa pale alipo kulungu, ng'ambo ya bonde, si lazima uwe huu unaompuliza mpigaji usoni.

Hata upepo ukikadiriwa sawasawa, hiyo robo tatu ya sekunde hubaki. Kulungu anayekula majani huinua mguu bila taarifa, na hatua moja inatosha kuuondoa moyo wake mahali ulipolengwa. Kwa umbali wa mita 70 mwindaji na mnyama wamo katika tukio moja. Kwa mita 365 mwindaji ameamua juu ya kulungu wa sasa, na risasi inamkuta kulungu wa baadaye kidogo. Ustadi hauwezi kuliziba pengo hilo, kwa kuwa halimo mkononi mwa mpigaji; limo katika hiari ya mnyama.

Wanaotetea masafa marefu wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mtu aliyefanya mazoezi mwaka mzima, anayelala kifudifudi na bunduki yake juu ya tegemeo, anaweza kupiga kwa uhakika zaidi kwa mita 300 kuliko mzembe aliyesimama na kutetemeka kwa mita 80. Zaidi ya hayo, kulungu wa mbali hana habari ya hatari. Akipigwa vizuri hufa bila hofu, ilhali aliyeshtuliwa karibu huanza kukimbia kabla risasi haijatoka. Ikiwa wajibu mkuu ni kifo cha haraka, basi kwa nini umbali wenyewe uwe dhambi?

Hoja hiyo ingetosha kama wajibu ungekuwa mmoja. Mapokeo ya uwindaji wa Marekani yanatambua wajibu wa aina mbili. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 kwa juhudi za Theodore Roosevelt, ilijenga maadili yake juu ya wazo la kufukuza kwa haki: mnyama awe huru, na mwindaji asijipatie faida isiyostahili juu yake. Kwa mtazamo huo kumuua upesi hakutoshi, maana ni lazima mnyama awe pia amepata nafasi ya kuponyoka kwa pua, masikio na macho yake. José Ortega y Gasset, mwanafalsafa wa Uhispania, aliliendeleza wazo hili mwaka 1942 katika tafakuri yake juu ya uwindaji. Alishikilia kwamba binadamu angeweza kuwamaliza wanyama kwa akili yake akitaka, na kwamba uwindaji huanza pale anapojizuia kwa makusudi. Kizuizi kikiondoka, kinachobaki ni uangamizaji wenye matokeo yanayojulikana mapema.

Umbali unagusa pale pale. Pua ya kulungu, ambayo ndiyo ulinzi wake mkubwa, haimfai kitu dhidi ya mtu aliye upande wa pili wa bonde. Ukimya wa nyayo, ujuzi wa upepo, subira ya kukaa saa nzima bila kukohoa, vyote ambavyo kwa karne nyingi vilimtenganisha mwindaji na mlenga shabaha, havihitajiki tena. Boone and Crockett yenyewe imetoa msimamo kwamba anayepiga mbali kwa nia ya kujaribu vifaa na ulengaji wake amevuka mpaka wa haki. Msimamo huo unapima nia, wala hautaji idadi ya mita, na wapo wanaouona ni wa kukwepa. Lakini mita peke yake zingekuwa kipimo kibovu, kwa kuwa mita 150 kwa goroli ya gumegume ni ukatili zaidi kuliko mita 200 kwa silaha ya kisasa iliyopimwa vizuri.

Aina hizo mbili za wajibu zinavutana. Silaha bora humuua mnyama upesi lakini humpunguzia nafasi. Silaha hafifu humwachia nafasi lakini huongeza majeruhi. Gobore la kisasa lingeweza kupunguza mvutano huo kama lingetumika kwa umbali uleule wa zamani, yaani ile hakika ya moto na ile nguvu ya risasi zikabaki kuwa akiba ya mnyama. Kosa linaanza pale faida yote ya ufundi inapotumiwa kununua mita, mpaka shaka ya mpigaji wa leo kwa mita 365 inakuwa sawa na ya babu yake kwa mita 100, na pengine imeizidi.

Dini zimelitazama jambo hili kwa macho yaliyo makali kuliko inavyodhaniwa. Katika fikihi ya Kiislamu mnyama wa mawindo ni halali kwa masharti, na mengi ya masharti hayo yanahusu ujuzi wa mwindaji. Hadithi ya Adiy bin Hatim, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, inaruhusu kumla mnyama aliyepotea kwa siku moja au mbili ikiwa hana alama nyingine ila mshale wa mwindaji. Akikutwa amezama majini haliwi, kwa sababu haijulikani kilichomuua ni maji au mshale. Shaka juu ya kilichotendeka inatosha kumharamisha. Mafundisho mengine yanakataza kiumbe hai kufanywa shabaha, na yanaamuru wema hata katika kuua. Wanazuoni wa kale walijadili pia vijiwe vya udongo vya duara, ambavyo huua kwa kishindo bila kutoboa, na wengi wakavikataa. Baadaye wengi waliikubali risasi ya bunduki kwa kuwa hutoboa.

Upande wa Uyahudi, katika karne ya 18 Yechezkel Landau, rabi wa Prague, aliulizwa kama tajiri mwenye misitu anaweza kuwinda kwa bunduki, ambayo enzi hizo ilijazwa kwa mbele. Alijibu kwamba hakuna katazo la wazi la kuua mnyama kwa manufaa, ila kuwinda kwa kujifurahisha hakumfai mtu wa imani, na kwamba katika Maandiko wanaotajwa kuwa wawindaji ni Nimrodi na Esau. Kwake yeye swali la umbali lisingefika mezani. Vivyo hivyo kwa mwanafalsafa Tom Regan, aliyedai mwaka 1983 kwamba mnyama ana haki zisizotegemea faida ya binadamu: aliye na haki ya kuishi hapewi fidia kwa kupigwa karibu.

Kwa wale wanaoendelea kuwinda, mwongozo wenye nguvu zaidi unatoka mahali pawili palipo mbali mno. Aldo Leopold, mwanaikolojia wa Wisconsin ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1949, aliona kwamba mwindaji hana watazamaji. Anapotenda hakuna wa kumshangilia wala wa kumzomea, na hivyo mwamuzi ni dhamiri yake. Aliona pia jinsi vifaa vya kununuliwa vinavyochukua nafasi ya ujuzi. Karne nyingi kabla yake, aya ya 94 ya Suratul Maida katika Kurani ilikuwa imewaambia waumini kwamba watajaribiwa kwa mawindo yanayofikiwa na mikono na mikuki yao, ili ajulikane anayemcha Mungu ghaibu. Mtihani wa aya hiyo ni ukaribu: mnyama yuko mkononi, kuua ni rahisi, nayo amri ni kujizuia. Silaha ya masafa marefu imeupanua mtihani uleule, kwa kuwa imerefusha mkono. Mtu ambaye kila kulungu anayemwona yumo ndani ya uwezo wake anahitaji kujizuia mara nyingi kuliko mwenye mkuki.

Na asipojizuia, ushahidi wa kosa huwa mgumu kupatikana. Gobore likilia, moshi mzito humfunika mpigaji kwa sekunde kadhaa, na yeye haoni kama kulungu alijikunja, aliruka au aliondoka mzima. Risasi ya pili haipo. Inabidi atembee mita mia kadhaa, pengine kuvuka kijito, na kukuta vichaka vyote vinafanana. Huenda unywele mmoja au tone la damu limo kwenye jani fulani, lakini hapati hata jani lenyewe. Wengi huamua kwamba wamekosa. Baadhi yao hawakukosa.

Haki hii yote, inafaa kuongeza, ni ya uwindaji na si ya upunguzaji. Katika vitongoji ambamo kulungu wamezidi na magari yanawagonga, mamlaka huajiri walenga shabaha wanaofanya kazi usiku juu ya chambo, na hakuna anayedai mnyama apewe nafasi. Kinachodaiwa ni ufanisi na kifo cha papo hapo. Anayetetea masafa marefu kwa hoja ya kupunguza makundi amehamia kwenye kazi hiyo, na huko gobore halina sababu ya kuwapo.

Majimbo yamejaribu kuurudisha mpaka kwa sheria. Colorado, katika msimu wake wa gobore, hairuhusu darubini, vikombe vya plastiki wala baruti ya vidonge. Idaho inadai baruti ya kumimina na kiwashio kilicho wazi. Utah iliruhusu darubini zinazokuza mwaka 2016, kisha ikaziondoa katika misimu ya gobore kuanzia mwaka 2024. Sheria hizi zinagusa kifaa kwa sababu kifaa kinaweza kukaguliwa njiani na askari wa wanyamapori, ilhali mita hazikaguliki. Yaliyobaki huamuliwa na mwindaji kabla ya msimu, kwenye uwanja wa shabaha, akiwa amekaa kama atakavyokaa porini, na akiihesabu ile risasi ya kwanza tu inayotoka katika mtutu baridi, kwa kuwa mtutu uliosafishwa na ule wenye masizi haipeleki risasi mahali pamoja. Umbali ambao risasi hiyo ya kwanza huanza kuangukia nje ya sentimita 20 ndio mwisho wa mkono wake, hata kama darubini ina alama zaidi.