Waliohesabiwa na Simba

Ukienda Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, hukosi kuonyeshwa behewa la Ryall. Usiku mmoja wa Juni 1900, likiwa limeegeshwa katika stesheni ya Kima, simba aliingia humo, akamnyakua Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, akatoka naye dirishani. Ryall alikuwa amekwenda kumwinda simba huyohuyo. Ilipofika zamu yake ya kukesha, usingizi ukamshinda. Wenzake wawili walikuwa humohumo ndani na wote wawili walipona.

Watoto wa shule wanaipenda sana hadithi hii, na ukweli usemwe, hata mimi. Ina kila kitu: jina, mwaka, stesheni, na kaburi lililopo hapahapa Nairobi. Lakini Jumamosi niliyokwenda, nilisimama kando ya behewa hilo nikajiuliza jambo ambalo halijanitoka kichwani. Hivi wale waliokufa kwenye reli hiyohiyo bila kuachiwa hata ubao mmoja wa behewa, tunawadai kumbukumbu nani? Na kumbukumbu yenyewe ingekuwa ya namna gani?

Tuanze na waliohesabiwa. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika ziwani, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Wafanyakazi walioletwa kutoka India walikuwa 31,983, na waliokufa 2,493. Hiyo ni karibu watu watatu kwa kila kilomita. Idadi hizi hunukuliwa kila mahali, na mara nyingi huwa tunazisoma kama rambirambi. Si rambirambi. Kuli kutoka India alikuwa na mkataba, ameandikishwa na kulipiwa nauli ya meli, na mkataba ulipoisha alitakiwa kurudishwa kwao. Kifo chake kilikuwa mstari katika daftari la hesabu. Aliandikwa kwa sababu aligharimu pesa.

Kibarua Mwafrika aliyefyeka vichaka, au mpagazi aliyebeba mizigo, hakupandishwa meli. Akifa, hakukuwa na nauli ya kurudishwa. Basi hakuna aliyechukua kalamu.

J. H. Patterson, yule mhandisi aliyewaua simba wawili wa Tsavo mnamo Desemba 1898, alilisema jambo hili waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1907. Wahindi walioliwa anawataja kwa idadi: 28. Waafrika, anasema, walikuwa makumi, ila hakuna rekodi rasmi iliyowekwa. Anaisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Miaka mingi baadaye akapandisha jumla hadi 135, na hakuna aliyeweza kumbishia, maana ungembishia kwa daftari lipi?

Ngozi za simba wale alikaa nazo nyumbani kama mazulia kwa takriban miaka 25, kisha akaziuza kwa Field Museum ya Chicago. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kupima manyoya na mifupa yao, wakikadiria kiasi cha nyama ya binadamu waliyokula katika miezi ya mwisho. Kadirio lao ni watu wapatao 35. Hebu fikiri: kwa baadhi ya watu wale, rekodi pekee iliyobaki duniani imo katika mwili wa mnyama aliyewala. Simba alitunza hesabu kuliko ofisi ya reli.

Rafiki yangu mmoja anaona jibu ni rahisi. Wabandike kibao, anasema: "Na Waafrika wengi." Mimi hilo neno "wengi" linanikera. Ni neno la kutuliza dhamiri, unalisoma ukielekea kibanda cha soda. Wala siwezi kuwalaumu watunzaji wa makumbusho. Jumba lile lilifunguliwa mwaka 1971 na likaonyesha kilichokuwepo: taa, tiketi, saa, vyombo vya mezani vya abiria wa daraja la kwanza. Huwezi kuweka kwenye kabati la kioo kitu ambacho hakikuandikwa. Ila unaweza kuacha kabati moja wazi na kueleza kwa nini liko wazi. Mimi ningelipenda hilo kuliko kibao.

Halafu kuna tatizo ambalo hoja yangu haijalimudu, nalo limesimama nje, uani. Ni kichwa cha treni kiitwacho Mount Gelai, kimoja kati ya 34 vilivyoundwa Manchester na Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950. Kina uzito wa zaidi ya tani 250, na kwa reli za upana wa mita moja hapakuwahi kuwa na vikubwa kuvishinda. Vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai wenyewe uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron, kumbukumbu ya enzi ambazo reli ilikuwa moja kwa nchi tatu. Ni kitu kizuri mno. Nilikizunguka mara mbili.

Babu yangu alifanya kazi katika genge la reli miaka hiyo hiyo, kukaza mataruma na kubadilisha vyuma. Mizigo ya mashine hizi ilipita juu ya kazi ya mikono yake. Ungemwambia kwamba yeye ni mhanga wa historia, angekufukuza. Alikuwa mtu wa Relwe, akilitamka neno hilo kama wengine wanavyotamka ukoo. Hasira yangu hakuwa nayo, na sijui kama nina haki ya kuwa nayo kwa niaba yake. Kwa niaba ya yule wa 1898, nadhani ninayo, kwa kuwa hakuna hata mjukuu anayejua kwamba ni wake.

Babu aliikumbuka namba yake ya kazi mpaka uzeeni, bila kukosea tarakimu hata moja. Tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote.